Uliza Yaya Fundi: Windows 10 imekwisha, flashi ya uongo, na nani analipia vya bure

Waliouliza ni simu gani nzuri ya kununua, mnisamehe. Mimi ni fundi wa mashini, yaani kompyuta, si muuza simu, na bei za mjini zinabadilika kabla gazeti halijatoka kwa mchapaji. Barua nyingine nimezipunguza urefu, maneno ya wenyewe yamebaki.

Kwa wasionijua: meza yangu ya ufundi iko komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, si mbali na soko. Programu naipima hivi: isile mega (data za intaneti) bila sababu, iendelee kufanya kazi intaneti ikikatika, na siku nikiachana nayo iniachie faili zangu. Bei ya leseni naiweka mwisho. Wanaolipa leseni mjini petu ni wachache, lakini mega tunalipa wote.

*Yaya, jambo. Nasoma jiolojia UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), nakaa Kasapa. Nina laptopu HP EliteBook 840 G3 ya okazyo (iliyokwisha tumika), RAM gigabaiti 8. Windows 10 inaniambia kila mara kwamba muda wake umekwisha. Nimejaribu kuweka Windows 11, ikakataa. Muuzaji mmoja wa mjini ameniambia mashini hiyo imeshakufa, nitafute nyingine. Ni kweli?*
— Mwanafunzi, Kasapa

Mdogo wangu, haijafa. Aliyekuambia imekufa ana nyingine ya kukuuzia.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10. Mashini bado inawaka, Word inafunguka, filamu inacheza. Ila tundu jipya likigunduliwa humo halizibwi tena, na wenye kutafuta matundu hawalali. Windows 11 nayo imekukataa kwa sababu ya prosesa: 840 G3 ina Intel ya kizazi cha 6, na orodha ya Microsoft inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Mashini yako ni nzima, ni orodha tu iliyoiacha nje.

Ukitaka muda wa kupumua, upo. Microsoft imefungua mpango wa kurefusha masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Hakikisha una toleo la 22H2 la Windows 10, halafu fungua Windows Update utafute mahali pa kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako kwao. Kama memwari yako (kazi ya kumalizia masomo) unaitetea mwaka huu, fanya hivyo kwanza na uache mambo mengine yasubiri. Mtu habadilishi mfumo wa mashini wiki ya kukabidhi kazi kwa profesa.

Wapo vijana watakaokuwekea Windows 11 kwa nguvu. Wanatumia Rufus, programu ndogo inayoandika Windows kwenye flashi na inayoweza kuruka ukaguzi wa prosesa. Inafanya kazi, siwasemi vibaya. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashini za namna hiyo, na toleo kubwa la mwaka linapokuja mara nyingi linagoma, inabidi upakue upya faili ya zaidi ya gigabaiti 5 na kurudia kazi kwa mkono. Kwa anayenunua mega kidogo kidogo, hiyo ni deni la kila mwaka.

Mimi ningekupa Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mint 22 ilitoka mwaka 2024 na itapata masasisho hadi 2029. Kwa RAM gigabaiti 8 chukua sura inayoitwa Cinnamon. Mwenye 4 au pungufu achukue Xfce, ni nyepesi zaidi. Faili yake inakaribia gigabaiti 3. Usiipakue kwa kivinjari mchana. Ngoja forfe (kifurushi cha mega) ya usiku, tumia torenti, njia ya kupakua faili kipande kipande, iliyo kwenye ukurasa wao wenyewe, uifungue kwa programu ya qBittorrent. Umeme ukikatika katikati, ukirudi itaendelea pale ilipofika, na kila kipande kinakaguliwa kinapoingia. Wapo watu wanaogopa torenti kwa kuwa wanaijua kwa filamu za wizi tu, kumbe ndiyo njia iliyotengenezwa kwa ajili ya faili kubwa na mtandao mbovu kama wetu.

Ukishaipata, iandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa Rufus hiyo hiyo, zima, washa huku unabonyeza F9, chagua flashi. Mint itafunguka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Hapo usiwe na haraka. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, fungua kamera, chomeka printa ya rafiki. Kitu kikikataa, zima, chomoa, Windows yako iko vilevile.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo kubwa: unatumia programu gani darasani? Ramani utazichora kwa QGIS. Ni ya bure, ipo tangu 2002, na inaenda kwenye Linux bila shida. Takwimu utazipiga kwa R. Lakini profesa wako akidai ArcGIS au Surfer, hizo ni za Windows, usijidanganye. Basi gawa diski: Mint ikae upande mmoja kwa kazi za kila siku na intaneti, Windows ibaki upande wa pili kwa programu hizo mbili, bila kuunganishwa na mtandao. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua faili za Word vizuri, ila meza ngumu na kurasa za kwanza zenye mapambo hucheza kidogo. Kazi ya mwisho mpelekee profesa kwa PDF.

Kabla ya kugawa diski, nakili memwari na picha zako mahali pengine. Sirudii. Na kama humo ndani bado kuna diski ya kuzunguka, toa sehemu ndogo ya pesa uliyotaka kununulia mashini nyingine, ununue SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya gigabaiti 240. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

*Mama Fundi, nina kibanda cha kuchapa na kufotokopi Kamalondo. Nilinunua mjini flashi ya terabaiti 2, bei yake ilinifurahisha. Picha za harusi za kwanza ziliingia na kufunguka. Video za wiki iliyofuata zinaonekana, zina jina, zina ukubwa, lakini hazifunguki. Mteja anataka video yake.*
— Mama wa Kamalondo

Mama, bei hiyo ndiyo ilikuwa jibu. Flashi ya kweli ya terabaiti 2 ipo duniani, ila haiuzwi kwa bei ya sahani ya bukari na samaki.

Ndani ya flashi kuna vitu viwili: chipu za kuhifadhi, na chipu ndogo inayoongoza, ambayo ndiyo huiambia mashini ukubwa wake. Wadanganyifu hubadilisha maneno ya chipu hiyo ya pili. Ni kama mfuko wa unga ulioandikwa kilo 25 ilhali ndani mna 5. Mashini inaamini maandishi. Unanakili, inasema sawa, hadi nafasi ya kweli ijae. Kuanzia hapo kila unachoongeza kinatupwa, au kinaandikwa juu ya vya zamani, huku majina ya faili yakiendelea kupangwa vizuri kwenye orodha. Ndiyo maana video zina jina na hazina kitu.

Usiandike tena chochote humo. Leo hii hamisha picha za harusi zinazofunguka, uziweke kwenye diski unayoiamini. Halafu pitisha PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, ambayo haijali orodha ya majina; inasoma chipu moja kwa moja ikitafuta alama za mwanzo za picha na video. Inachokipata ikiweke kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile. Faili zitatoka bila majina yake, itabidi ukae uzifungue moja moja. Zilizoandikwa baada ya nafasi ya kweli kujaa hazitarudi, hazikuwahi kuwemo. Kama kadi ya kamera ya mpiga picha haijafutwa, mwambie asiiguse, pitishia PhotoRec huko. Huko ndiko kwenye matumaini zaidi.

Siku nyingine, ukinunua flashi, ipime kabla ya kuweka kazi ya mteja. Kwenye Windows tumia H2testw, iliyotoka kwenye gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Inajaza flashi kwa data inayoijua, kisha inaisoma tena na kulinganisha. Kwa terabaiti 2 nzima ungengoja hadi uchoke, kwa hiyo usiijaze yote: iambie ipime megabaiti 70,000 tu. Nyingi za uongo zitaanguka kabla ya hapo. Kwenye Linux kuna F3, kazi ni ileile, kwa amri mbili: f3write, halafu f3read. Mwenye duka akikataa usipime, mwachie flashi yake. Nasema haya bila kuwachukia wauzaji, wengi wao walidanganywa walikozinunua kabla ya kukuuzia wewe.

*Yaya, nilichapisha CV siberi (duka la intaneti). Niliporudi nyumbani flashi ina njia za mkato tu, faili zangu hazipo! Nifomati?*
— Kijana wa Katuba

Usifomati! Faili zipo, zimefichwa. Kirusi kimezificha na kuweka njia za mkato ili ukizibonyeza kiingie na kwako. Usibonyeze hata moja. Fungua "Invite de commandes", dirisha la Windows la kuandikia amri, na kama flashi yako ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ngoja imalize. Folda zitarudi, nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili zako, futa njia za mkato na kila faili usiyoijua, kisha ndipo ufomati. Mwenye Linux hahitaji amri: anafungua flashi, zilizofichwa zinaonekana zenyewe, na kirusi hicho cha Windows kinamtazama tu. Na ukienda tena siberi, peleka CV kwa PDF kwenye flashi isiyo na kitu kingine.

*Mpendwa Yaya, shule yetu ilipewa kompyuta za zamani. Zinawaka, lakini intaneti hatuna na hatutakuwa nayo hivi karibuni. Watoto wanacheza Solitaire tu. Tufanye nini?*
— Mwalimu, Ruashi

Mwalimu, barua yako ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa kuwa jibu lake lipo na halihitaji mega shuleni.

Linaitwa Kiwix. Lilianza mwaka 2007, na kazi yake ni kufunga tovuti nzima ndani ya faili moja yenye mwisho wa .zim, ili isomwe bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003, inaingia kwenye flashi ndogo na nafasi inabaki. Ya Kifaransa yenye picha zote inapita gigabaiti 30, hiyo usiihangaikie. Yapo matoleo yasiyo na picha, na mengine yenye utangulizi tu wa kila makala, ambayo ni madogo mara nyingi. Kwa watoto wa msingi ningeanza na Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoandikwa kwa umri wa miaka 8 hadi 13. Ile ya wakubwa inawashinda, wanarudi kwenye Solitaire. Kwa fizikia na kemia chukua PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani. Ni majaribio ya kuchezea kwa kipanya: mtoto anaunganisha betri na balbu kwenye skrini, anaona waya ukikatika balbu inazima. Shule isiyo na maabara, hiyo si mchezo.

Mtafute mtu mmoja mwenye mtandao mzuri, ikiwa mzazi au mtu wa parokia, apakue mara moja kwenye kiwix.org. Huna haja ya kuisakinisha kwenye Windows. Unafungua folda na kubonyeza. Lakini kizuri zaidi ni hiki: mashini moja inatosha kubeba yote. Ndani ya Kiwix kuna sehemu ya kuigeuza kuwa seva ya hapohapo. Chukua ruta yoyote ya zamani, hata isiyo na intaneti, unganisha mashini hiyo, na kompyuta nyingine, au simu za wanafunzi wakubwa, zitafungua anwani itakayoonyeshwa na kusoma kwa kivinjari cha kawaida. Hakuna mega hata moja inayoondoka. Ila mashini hiyo iwe laptopu yenye betri nzima, maana umeme ukienda na seva ni ya mezani, darasa lote linabaki na ukurasa mweupe.

*Yaya, mega zangu zinaisha nikiunganisha laptopu na simu, hata sijafungua kitu. Wanaziiba?*
— Msomaji wa Kampemba

Windows ndiyo inayokula. Inaona Wi-Fi ya simu yako, inadhani ni intaneti isiyo na mwisho, inaanza kupakua masasisho. Ingia "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", fungua mtandao wa simu yako, washa "Connexion limitée". Zima OneDrive kama huitumii. Kwenye Firefox weka uBlock Origin, inazuia matangazo kabla hayajapakuliwa, na matangazo ya video ndiyo mazito. Nasema Firefox kwa makusudi: Chrome imebadilisha kanuni za viongezi vyake na uBlock Origin kamili haiendi humo tena. Na kwenye WhatsApp zima "Téléchargement auto. des médias", familia isikutumie video za asubuhi njema kwa pesa zako.

*Mwanangu, nakusoma kila mwezi. Kila kitu unachosifu ni cha bure. Mimi nimezeeka, sijaona cha bure kisicho na mwenyewe. Nani analipa? Na wakitia sumu humo, nani atajua?*
— Shemasi mstaafu, Lubumbashi

Papa Shemasi, shikamoo. Swali lako ni zito, na wanaopenda Linux huwa wanalikimbia. Mimi nalijibu.

Wanaolipa ni wengi. LibreOffice iko chini ya taasisi isiyo ya faida, The Document Foundation, inayoishi kwa michango na kwa kampuni zinazouza huduma juu yake. VLC, ile ya kuchezea video, ilianza na wanafunzi wa chuo cha uhandisi Ufaransa mwaka 1996. Linux yenyewe inaandikwa kwa sehemu kubwa na wafanyakazi wanaolipwa mishahara na kampuni kubwa, kwa kuwa kampuni hizo zinaitumia kwenye seva zao. Si sadaka tupu.

Sumu ilishatiwa, Papa. Kuna kipande kidogo cha programu kinaitwa xz, kinabana faili, kiko karibu katika kila Linux. Aliyekitunza alikuwa mtu mmoja aliyechoka. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akafanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Kisha akaficha mlango wa nyuma ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund wa Microsoft, aliona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akafuatilia hadi akaukuta mlango, akatangaza tarehe 29 Machi, kabla sumu haijafika kwenye matoleo ya kawaida ambayo watu wengi hutumia.

Wengine wanaisimulia habari hii kuonyesha kwamba vya wazi ni salama. Mimi sifiki huko: aliiona kwa bahati na kwa ukaidi wake. Lakini alipoishuku, aliweza kufungua ndani na kusoma bila kuomba ruhusa ya mtu. Kilichofungwa huwezi kukisoma hata ukikishuku.

Nikiwa mezani kwangu, Papa, sumu ninayoikuta kwenye mashini za wateja haitoki LibreOffice. Inatoka kwenye Office na Photoshop zilizovunjwa leseni, zinazouzwa kwenye flashi mjini, zikija na kijiprogramu kinachosema: zima kwanza antivirusi. Mgeni anayekuomba ufunge mbwa kabla hajaingia, huyo unamjua. Na anayepakua vya bure apakue kwenye ukurasa wa wenyewe, kisha apime alama ya faili. Kwenye Windows ni amri moja: certutil -hashfile, halafu jina la faili, halafu SHA256. Herufi zinazotoka zikilingana na zilizoandikwa kwenye ukurasa wa wenyewe, faili imefika kama ilivyotumwa.

*Yaya, umeme wetu unapanda na kushuka. Laptopu niiache kwenye chaji muda wote?*
— Mama wa Kenya

Jirani, betri ya laptopu tayari ni kinga yako umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani ndiyo inayohitaji ondileri, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia umeme ukienda. Betri hizi za lithiamu, nyingi zikiwa na kobalti ambayo labda ilipita kwenye lori hapa hapa ikielekea Kasumbalesa mpakani, hazipendi kukaa kwenye asilimia 100 huku zimepata joto. Lenovo nyingi na HP za kazi zina mpangilio wa kusimamisha chaji karibu na 80, uwashe. Usiiweke juu ya kitanda, matundu ya hewa yanazibika. Na kuanzia Novemba mvua za radi zikianza, usitegemee kuzima tu: chomoa chaja ukutani, chomoa na kebo ya mtandao inayotoka kwenye ruta, maana radi hupita hata humo, na kadi ya mtandao iliyoungua sina ya kukuuzia.